Hita ya Kebini kwenye M35A2: Uifunge au Uiache?

M35A2 ni lori la Jeshi la Marekani lenye uwezo wa kubeba tani mbili na nusu, la ukoo uliobuniwa na kampuni ya REO ya Lansing, Michigan, kuelekea mwaka 1950. Toleo la A2 lina injini ya silinda sita yenye ujazo wa lita 7.8 inayokubali mafuta ya aina nyingi, umeme wa volti 24, na mara nyingi paa la turubai. Kebini yake ilitengenezwa kwa askari aliyevaa koti zito. Hita ilikuwa kifaa cha nyongeza, ikifungwa kwenye malori yaliyokwenda kwenye baridi kali, ndiyo maana mengi yaliyouzwa kwa raia hayana hita wala tundu la kuipokea.

Msimamo wa mwongozo huu tuuseme mapema: hita ni kitu cha tatu kununua. Cha kwanza ni kuziba upepo, cha pili ni kuhakikisha injini inafika joto lake. Ukiruka hayo mawili, hita yoyote utakayofunga itakuwa inapasha joto barabara.

Nani anaihitaji

Lori linalotoka Mei hadi Septemba, majira ya joto ya kaskazini, kwenda kwenye maonyesho halihitaji hita. Mwache dereva avae koti, na bamba la mbele libaki bila tundu jipya.

Hali inabadilika ukiendesha kwenye mvua na baridi ya chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, hasa mkiwa wawili au watatu. Miguu unaweza kuivalisha soksi mbili, lakini kioo kilichojaa ukungu kwa ndani huna la kukifanya. Waipa za M35A2 zinaendeshwa kwa hewa ya kompresa na zinafuta nje tu. Ndani, pumzi za watu wawili na buti zilizolowa zinatosha kuziba kioo kwa dakika chache, na chini ya nyuzi sifuri ule unyevu unaganda. Dereva anayefuta kioo kwa mkono mmoja huku lori la tani sita likiwa kwenye mwendo ana sababu tosha ya kufunga hita. Akiwa hana tatizo hilo, baridi ya miguu peke yake ina tiba rahisi zaidi.

Baridi ya alfajiri ya Njombe au Limuru, kwa mfano, haifiki kiwango cha kudai hita kwenye lori la namna hii. Kuziba sakafu na kufungua kidogo kioo cha mlango kunatosha. Mwongozo huu ni wa walio Michigan, Minnesota, Ontario, Ujerumani au Skandinavia na wanaoendesha majira ya baridi.

Hesabu kabla ya pochi

Kebini ya M35A2 ina eneo la nje la takriban mita za mraba 13 ukijumlisha paa, sakafu, milango, mbele na nyuma. Chuma chembamba kisicho na kitambaa ndani, kioo kimoja na turubai hupoteza karibu wati 6 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Tuseme nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri na ndani unataka 15. Tofauti ni 25, na upotevu kupitia kuta ni 13 × 6 × 25, yaani wati 1,950.

Halafu kuna upepo. Kila mita ya ujazo ya hewa inayopita ndani kwa saa hula wati 0.34 kwa nyuzi moja. Kebini yenye matobo, ikiwa mwendoni, ikipitisha mita za ujazo 250 kwa saa, hewa hiyo peke yake inakula wati 2,125. Jumla inapita wati 4,000. Ukiziba mpaka ibaki mita za ujazo 60 kwa saa, upepo unakula wati 510 tu, na jumla inashuka hadi karibu 2,460. Takwimu za upepo ni za makadirio, kila lori lina matobo yake; ila uwiano wenyewe ndio huo. Mpira na sponji vinaokoa zaidi ya wati 1,600 bila fyuzi wala mafuta.

Hesabu hiyohiyo inamaliza ndoto ya hita ndogo za umeme zinazouzwa kwa volti 24. Ya wati 300 ni sehemu ya nane ya mahitaji ya kebini iliyokwisha kuzibwa. Altaneta ya ampea 60, hata ukiipa hita umeme wote ukazima taa, ina takriban wati 1,440.

Kuziba

Ngoja usiku. Mtu mmoja akae ndani gizani, mwingine apitishe tochi kali chini ya sakafu na mbele ya bamba linalotenga injini na kebini. Kila mwanga unaoonekana ndani utiwe alama ya chaki. Kwenye M35A2 mwanga hutokea sehemu zilezile: mpira wa mkono wa gia na wa mkono wa transfa (gia ya pili inayogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma) ulioraruka, mashimo ya pedali za klachi na breki, shimo la usukani, kingo za mabamba ya sakafu yanayofunguka juu ya gia, na matundu ya waya ambayo mtu alitoboa zamani akaacha wazi.

Nunua mipira mipya ya mikono ya gia. Usijaribu kuunganisha ile ya zamani kwa gundi, itaachia wiki ya kwanza. Chini ya mabamba ya sakafu weka mpira wa sponji wenye vijitundu vilivyofungwa, unene wa milimita 6, upana wa milimita 20. Sponji ya kawaida ya godoro hufyonza maji na kuozesha chuma. Milango miwili itahitaji kama mita 10 za mpira wa mlango wenye umbo la D. Pima yako kwanza. Fremu ya kioo cha mbele inafunguka kwa nje upande wa chini, na ule mpira wake ukikauka upepo huingia moja kwa moja usoni, kwa hiyo usiusahau.

Turubai la paa lina adui mmoja mkubwa: kona ya nyuma ya juu, pale linapokutana na bamba la nyuma ya viti. Kaza kamba, kisha pachika kipande cha turubai la ziada ndani. Ukiwa na uwezo wa kupata paa gumu la chuma, hilo ni badiliko kubwa kuliko hita, na linafungwa kwa bolti bila kuharibu chochote.

Usizibe kila kitu hadi pasiwe na hewa. Kioo kitalia jasho, na kama kuna moshi unaoingia utakosa pa kutokea.

Injini ifike joto

Dizeli inayonguruma bila mzigo hutoa joto kidogo mno. M35A2 ikiachwa isilensa kwenye baridi, maji yake yanapoa badala ya kupanda. Kabla ya kuilaumu gauji, elekeza kipimajoto cha miale kwenye nyumba ya themostati (vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata joto) baada ya nusu saa ya barabara. Unatafuta kitu cha karibu nyuzi 80 za Selsiasi, sawa na kama 180 kwenye gauji ya Fahrenheit. Ukikuta 55 au 60, themostati imekwama wazi, au kuna aliyeitoa akidhani anazuia injini isichemke.

Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, chemsha. Iliyo nzima huanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Isipofunga kabisa ikipoa, itupe. Badilisha na gaskiti yake.

Kisha funika rejeta. Jeshi lilikuwa na kifuniko cha turubai kilichoshonwa kwa ajili hiyo, chenye mlango wa kukunja. Kipande cha turubai zito kilichofungwa mbele ya grili kinafanya kazi hiyohiyo. Anza kwa kufunika nusu, angalia gauji, ongeza. Kwenye mlima mrefu ukiwa na mzigo, fungua.

Wakati huo badilisha maji yote. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji safi na ethilini glikoli haugandi hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Injini ya miaka hamsini ina matope ya kutu kwenye koti la maji, na matope hayo yakihamia kwenye rejeta ndogo ya hita yataiziba msimu wa kwanza. Suuza mpaka maji yatoke meupe.

Endesha lori wiki mbili hivyo. Ukiona kioo kinakaa safi na miguu inavumilika, hapo umemaliza na hela ya hita iko mfukoni.

Aina za kuchagua

Hita ya maji inachukua joto ambalo rejeta ingelitupa. Haina moto, haina mafuta yake, haina moshi. Ndiyo chaguo letu kwa lori linaloendeshwa, na seti ya asili ya jeshi ikipatikana nzima, ichukue: ina mota ya volti 24, mabomba ya kupeleka hewa kwenye kioo, na haiondoi uhalisi wa lori. Udhaifu wake ni kwamba haitoi joto mpaka injini ipate moto, na lori likisimama inapoa nalo.

Hita ya dizeli ya hewa, zile ndogo zinazouzwa mtandaoni kwa dola 100 hadi 200, inafaa anayelala kwenye lori au anayetaka kioo kiwe kimeyeyuka kabla ya kuwasha injini. Ya kilowati 2 inatosha kebini iliyozibwa vizuri, ya 5 ina ziada. Maandishi ya kilowati 8 kwenye boksi usiyaamini. Ndani mara nyingi ni ile ile ya 5.

Hita za petroli za enzi za Korea na Vietnam ni nzuri kwenye meza ya maonyesho. Chumba chake cha moto kikitoboka kwa kutu, hewa unayovuta ni moshi. Usiwashe.

Na majiko ya gesi ya mkononi hayafai kabisa mwendoni. Pamoja na hatari ya moshi, kilo moja ya propeni ikiungua hutoa karibu lita 1.6 za maji kwa njia ya mvuke, na yote yanaishia kwenye kioo ulichokuwa unajaribu kukikausha.

Kufunga hita ya maji

Andaa mita 6 za mpira wa maji ya moto wa inchi 5/8 (milimita 16), klipu 8 za skrubu, koki moja ya shaba, vipande viwili vya kuunganishia, raba za kulinda tundu, na waya wa milimita za mraba 2.5.

1. Weka hita mahali pake kwa mkono kwanza, keti, kanyaga pedali zote, geuza usukani hadi mwisho, fungua mlango. Goti la abiria ndilo linalogonga mara nyingi. Kama kuna mashimo ya bolti ya kiwandani, yatumie hata kama hita itakaa sentimita chache pembeni. Hakikisha iko chini ya mdomo wa rejeta, la sivyo hewa itajikusanya humo.

2. Mwaga kulanti (ule mchanganyiko wa maji na glikoli) kwenye chombo safi. Tafuta mahali pa kuchukulia maji ya moto: upande wa injini kabla ya themostati, ili yaende kwenye hita hata themostati ikiwa imefunga. Plagi za bomba zilizopo kwenye njia ya maji zinatosha, usitoboe chuma cha kusubu. Zipake mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla.

3. Maji yarudi upande wa kunyonya wa pampu ya maji. Ukirudisha upande ule ule wa msukumo, presha inakuwa sawa pande zote mbili na maji hayatembei. Hili ndilo kosa linalofanya mtu abadilishe hita nzima mbili bila kupata joto.

4. Weka koki kwenye mpira wa kupeleka, mahali mkono unapofika ukifungua boneti. Kiangazi utaifunga.

5. Pitisha mipira mbali na tabo (turbo) na manifoldi ya eksozi, angalau sentimita 10, na uifunge kila sentimita 30 isicheze. Kila inapovuka chuma, weka raba.

6. Bomba la hewa ya kioo lipewe kipaumbele. Kama feni ina njia tatu, elekeza theluthi mbili ya hewa juu. Mdomo wa kutoa uwe mwembamba na mrefu chini ya kila kioo. Bomba moja la duara linafungua tobo la ukubwa wa sahani katikati ya ukungu basi.

7. Hita ivute hewa kutoka nje, kwa bomba linaloanzia mahali pasipofikiwa na moshi wa injini. Ikizungusha hewa ya ndani, inazungusha unyevu uleule.

8. Jaza kulanti, koki ikiwa wazi. Washa injini, legeza klipu ya mpira wa juu kwenye hita mpaka itoke kulanti bila mapovu, kaza. Rudia baada ya safari ya kwanza injini ikiwa imepoa, kisha ongeza kulanti kwenye rejeta.

Volti 24

Hapa ndipo hita za magari ya kawaida huharibu malori ya jeshi. Mota ya volti 12 ukiiunga kwenye 24 inaungua. Watu hukimbilia kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili, na kwa siku chache inafanya kazi. Betri ile inayotumika hubaki na njaa, na mwenzake hujazwa kupita kiasi kwa sababu altaneta inaona jumla tu. Baada ya miezi unazika zote mbili.

Njia zinazokubalika ni tatu. Mota ya volti 24 ndiyo bora. Ya pili ni kibadilisha umeme cha 24 kwenda 12 chenye uwezo wa ampea 20. Ya tatu, hita yenye feni mbili zinazofanana kabisa unaweza kuziunga kwa mfuatano. Zisipofanana, moja itapokea zaidi ya haki yake.

Feni ya volti 24 hula karibu ampea 5. Fyuzi ya 10 iwe karibu na chanzo cha umeme, si karibu na hita. Waya hasi ipeleke kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Lori la jeshi limepakwa rangi tabaka juu ya tabaka, na feni inayozunguka kwa uvivu mara nyingi ina rangi chini ya bolti yake. Kama lori lako bado lina jenereta ya zamani ya ampea 25, washa taa zote na feni pamoja injini ikiwa isilensa, upime betri: ikishuka chini ya volti 25 baada ya dakika kumi, badilisha kwanza mfumo wa kuchaji.

Ukiamua hita ya dizeli

Usiiunge na tangi la lori. Injini hii inajulikana kwa kunywa chochote, na wenye nayo huitilia oili chafu iliyochujwa, petroli kidogo, mafuta ya taa. Injini inavumilia, hita haivumilii, chumba chake kinajaa masizi. Ipe tangi lake la lita 10 la dizeli safi, lililofungwa nje ya kebini. Kwa kilowati 2 inakunywa kati ya lita 0.1 na 0.25 kwa saa, hivyo lita 10 zinaenda mbali.

Pampu yake ya mafuta ikae imeinama, mdomo wa kutoa ukiwa juu, ili mapovu yapite. Bomba la moshi lipite sakafuni, literemke bila kona ya kukusanya maji, litokee nje ya ubavu wa lori na mbali na tangi, turubai na dirisha. Bomba la kuvuta hewa ya kuunguzia mafuta nalo litokee nje, upande mwingine. Usiutoe moshi chini ya kebini ati upepo utaupeleka. Lori likisimama, unapanda juu kupitia yale matobo uliyosahau.

Isizimwe kwa kukata umeme. Ina dakika kadhaa za kujipoza yenyewe, na swichi kuu ikizimwa katikati, plastiki ndani huyeyuka. Kila safari iendeshe kwa nguvu kamili dakika 15 mwishoni, kwa sababu moto mdogo wa muda mrefu ndio unaoleta masizi. Na kabla ya kuvuka mto, izime na iache ipoe.

Kengele ya kaboni monoksidi

Hata kwa hita ya maji, weka kengele ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi. Kuziba kebini kumebadilisha mzunguko wa hewa, na gaskiti ya eksozi iliyokuwa inavuja bila kumdhuru mtu sasa inaweza kumdhuru. Tafuta iliyoandikwa EN 50291-2 Ulaya, kiwango cha magari ya kulala na boti. Marekani ni UL 2034. Ifunge usawa wa kichwa cha dereva, mbali na mdomo wa hita, na uibonyeze kitufe cha majaribio kila mwanzo wa msimu.

Ikigoma

Hewa baridi huku mpira wa kupeleka ni wa moto na wa kurudi ni baridi: rejeta ndogo imeziba au ina hewa. Ondoa mipira, sukuma maji kwa upande wa kinyume. Mipira yote ya uvuguvugu: rudi kwenye themostati. Yote miwili baridi: koki imefungwa, au ile hatua ya tatu ilikosewa.

Kioo kinapata utando wa kunata na kebini inanukia utamu: rejeta ndogo inavuja kulanti. Funga koki, endelea na safari, rekebisha nyumbani.

Hita ya dizeli inawaka, inatoa moshi mweupe, inazima: volti inashuka wakati plagi ya joto inavuta umeme. Pima kwenye hita yenyewe, siyo kwenye betri. Waya mwembamba wa mita nne unatosha kuleta tatizo hilo. Tumia wa milimita za mraba 4.

Mwezi wa Aprili funga koki, na ile ya dizeli iwashe dakika 20 kila mwezi kiangazi chote, ili mafuta yasigande kwenye pampu.